Mwanga Usioonekana na Daftari la Mpiga Picha

Wahenga walisema, Mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni ya kweli katika mambo mengi ya dunia, lakini liko jambo moja ambalo ndani yake haina nguvu, nalo ni mwanga ulio chini ya nyekundu, uitwao infraredi. Mbele ya mwanga huo mwenye macho na kipofu wamo katika daraja moja. Wote wawili waweza kulihisi joto la jua juu ya ngozi zao, wala hapana hata mmoja wao awezaye kusema kwamba ameuona mwanga huo. Hata hivyo, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja wanadamu wamepiga picha kwa kuutumia. Wamepiga picha za milima iliyofichwa na ukungu wa umbali, wamesoma maandishi yaliyofutika machoni, na wametuonyesha miti yenye majani meupe kama theluji katikati ya kiangazi.

Insha hii yakusudia kueleza jinsi ufundi huo ulivyozaliwa na kukua, na hasa kulifuata swali moja lililowasumbua wote walioushika: mtu apimeje mwanga asiouona, na akiisha kuunasa katika filamu, achague dawa gani ya kuisafishia filamu hiyo? Kwa mtazamo wa kwanza swali hili ni la fundi katika chumba chake cha giza, si la mwanachuoni katika maktaba. Natumaini kuonyesha kwamba ni la wote wawili. Kwa kuwa picha nayo ni hati, na msomaji wa hati hana budi kujua namna ilivyoandikwa.

Mwanzo wa habari hii ni mwaka 1800 katika nchi ya Uingereza. William Herschel, mzaliwa wa Hanover, alikuwa tayari ana sifa kubwa kwa kuigundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Alipokuwa akitafuta vioo vya rangi vya kuyakinga macho yake atazamapo jua, alitambua kwamba vioo vingine vilipitisha joto jingi na mwanga kidogo, na vingine kinyume chake. Akataka kujua ni rangi gani yenye joto zaidi. Aliupasua mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, rangi zikatandazika juu ya meza, akaweka kipimajoto ndani ya kila rangi, na vipimajoto vingine kando ili apate kulinganisha. Kisha akaweka kipimajoto nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Zebaki ilipanda kupita ilivyopanda katika rangi zote. Basi mahali palipokuwa patupu kwa jicho palikuwa na mwanga wa namna nyingine. Yafaa tukumbuke tangu hapa kwamba habari hiyo haikuletwa na jicho. Ililetwa na chombo, na nambari zilizoandikwa chini, na ulinganifu wa kipimo kimoja na kingine.

Mwanawe, John Herschel, alifuata nyayo hizo mwaka 1840. Alichukua karatasi iliyopakwa masizi, akailowesha kwa spiriti, akaiweka chini ya rangi za jua zilizopasuliwa. Spiriti ikakauka upesi zaidi pale ambapo mwanga usioonekana ulipoanguka, na alama yake ikabaki kwa muda mfupi juu ya karatasi. Hiyo yaweza kuitwa picha ya kwanza ya infraredi, ingawa haikudumu.

Picha ya kudumu ilihitaji chumvi za fedha, na chumvi hizo zilikuwa na kasoro yao. Kwa tabia yake ya asili fedha huathirika kwa mwanga wa buluu na wa zambarau, haiujali mwekundu. Ndiyo maana katika picha za kale mbingu ni nyeupe tupu na kitambaa chekundu ni cheusi. Mwaka 1873, mjini Berlin, Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba chumvi ya fedha ikichanganywa na rangi fulani huanza kuhisi mwanga ambao hapo kwanza haikuuhisi. Hiyo ndiyo siri iliyofungua mlango. Naye William Abney, Mwingereza, alipita njia yake mwenyewe: katika kazi aliyoitangaza mwaka 1880, alitengeneza chumvi ya fedha ya namna ya pekee, isiyotiwa rangi, akaitumia kuzichora alama za jua mpaka karibu na urefu wa wimbi wa nanometa 1000. Jicho la mwanadamu hukoma karibu na nanometa 700.

Kazi za watu hao zilikuwa kazi za maabara. Aliyeutoa mwanga huo nje, akauonyesha watu wa kawaida, ni Robert Williams Wood, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mwaka 1910 alitangaza picha za mandhari alizozipiga kwa mwanga ulio ukingoni mwa nyekundu na kupita. Mbingu ilikuwa nyeusi kama usiku. Miti na nyasi zilikuwa nyeupe. Mpaka leo weupe huo wa majani waitwa kwa jina lake. Watu wengi wamedhani kwamba ni klorofili ya jani inayong'aa. Sivyo. Klorofili huumeza mwanga mwekundu, lakini infraredi huipenya kama maji yapenyavyo chujio. Na ndani ya jani, kati ya chembe hai na nafasi za hewa zilizo baina yao, mwanga huo hutawanyika na kurudishwa nje. Kwa hiyo jani ambalo machoni petu ni kijani kibichi, mbele ya filamu hii ni kama chokaa.

Wood alipiga picha zake kwa kuuacha mwanga uingie dakika kadhaa chini ya jua kali. Muda huo hakuupata kwa chombo cha kupimia, kwani hapakuwa na chombo cha namna hiyo. Aliupata kwa kujaribu, kukosea, na kujaribu tena. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Baada yake wakemia walitafuta rangi za kuifanya filamu iwe nyepesi zaidi. Mwaka 1919 ilipatikana rangi iitwayo kriptosayanini, na mwaka 1925 neosayanini, kila moja ikiisogeza mipaka mbele kidogo. Mwaka 1924, katika kituo cha nyota cha Lick juu ya Mlima Hamilton, California, William Wright aliipiga picha sayari ya Mars kwa mwanga wa zambarau na kwa infraredi, kisha akaupiga mji wa San Jose ulio bondeni kwa namna hizo hizo mbili, ili apate kulinganisha anga ya huko na anga ya hapa. Katika picha ya zambarau mji ulifunikwa na utusitusi; katika ya infraredi ulitokeza. Miaka ya 1930 ilipofika filamu za infraredi ziliingia madukani. Gazeti la The Times la London lilichapisha mara kwa mara mandhari zilizopigwa kwa filamu hizo, na kufikia mwaka 1937 aina 33 zilikuwa zikiuzwa na watengenezaji watano. Miaka miwili baadaye Walter Clark, wa maabara ya Kodak, alitoa kitabu kizima juu ya ufundi huu.

Hapa ndipo swali letu lilipopata uzito. Maadamu kazi ilikuwa ya wataalamu wachache, kila mmoja alikuwa na mazoea yake. Mara filamu ilipofika mikononi mwa watu wengi, wote waliuliza jambo moja: niipe mwanga kiasi gani?

Kwa filamu ya kawaida jibu lapatikana kwa kipimo cha mwanga. Mpiga picha huelekeza kipimo kwenye kitu, husoma nambari, hupanga tundu la lenzi na muda wa kulifungua. Lakini kipimo hicho kimetengenezwa kuhisi kile ambacho jicho huhisi. Chahesabu mwanga uonekanao, na kutokana na huo mpiga picha hukisia ule usioonekana. Kama uwiano wa miwili hiyo ungekuwa mmoja sikuzote, makisio yangetosha. Bahati mbaya si mmoja. Taa ya umeme yenye uzi wa moto hutoa infraredi nyingi kwa kulinganisha na mwanga wake wa kawaida. Jua likiwa karibu na upeo, mwanga wake umepungukiwa na buluu na umezidi katika nyekundu. Kivuli cha mchana, kinachoangazwa na mbingu ya buluu peke yake, chaonekana wazi machoni, lakini kina infraredi kidogo mno. Basi kipimo chaweza kusema kweli juu ya mwanga unaoonekana, na wakati huo huo kumpoteza mwenye kukitegemea.

Mfano wa nambari utafafanua. Kampuni ya Kodak, iliyotengeneza filamu ya infraredi ya kasi kubwa iliyojulikana kwa herufi HIE, haikuipa filamu hiyo nambari moja ya kasi kama ilivyozipa filamu zake nyingine. Ilitoa nambari za kuanzia tu. Kwa kichujio chekundu namba 25, mpiga picha wa mchana alishauriwa aihesabu filamu kuwa na kasi ya 50. Chini ya taa za uzi wa moto, filamu ile ile na kichujio kile kile, aihesabu kuwa 125. Akivaa kichujio kizito zaidi, namba 87, ambacho huzuia karibu mwanga wote uonekanao, nambari zilikuwa 25 na 64. Filamu haikubadilika, kilichobadilika ni mwanga ambao hapana aliyeuona. Kwa sababu hiyo mafundi walizoea kupiga kitu kimoja mara tatu au tano, wakizidisha na kupunguza mwanga kwa daraja moja kila mara, na kuandika kila walichofanya.

Fauka ya hayo, filamu hii ilikuwa na hila zake. Iliwalazimu watu kuitia ndani ya kamera katika giza kamili. Vitu vilivyo vyeusi machoni petu, kama baadhi ya vifuniko vya eboniti na ngozi za kamera za kukunja, viliupitisha mwanga huo kana kwamba ni pazia jepesi. Lenzi nayo haikuikusanya infraredi mahali pale pale inapokusanya mwanga wa kawaida. Ndiyo sababu lenzi nyingi za zamani zina alama ndogo nyekundu kando ya alama ya kupimia umbali. Na liko kosa moja kubwa lifaalo kuondolewa hapa: filamu hii haipigi picha za joto la mwili. Mwili wa mtu hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanometa 10,000, ilhali HIE ilikoma karibu na 900. Pasi ya chuma iliyopashwa moto sana yaweza kujipiga picha gizani ikiachwa muda mrefu; mtu hawezi. Kinachopigwa ni mwanga wa jua au wa taa uliorudishwa na vitu.

Baada ya mwanga huja dawa. Msomaji asiyejua chumba cha giza na ajue hivi: mwanga unapoigusa filamu hauachi alama ionekanayo. Huacha dalili ndogo sana katika chembe za chumvi ya fedha. Dawa ya kusafishia huzigeuza chembe zilizoguswa kuwa fedha nyeusi, na hizo ndizo picha. Kwa hiyo dawa ni mkalimani. Yaweza kutafsiri kwa upole au kwa ukali, lakini haiwezi kutafsiri neno ambalo halikusemwa. Sehemu ambayo haikupata mwanga wa kutosha haitapata sura kwa dawa yoyote ile, hata ikilowekwa usiku kucha.

Tuzitazame dawa tatu. Ya kwanza ni Rodinal, iliyotoka Ujerumani mwaka 1891 kwa juhudi ya Momme Andresen. Ni dawa ya maji mazito, huchanganywa na maji mara ishirini na tano au hamsini kabla ya kutumiwa. Huacha chembe za fedha zikiwa wazi na kali. Ya pili ni D-76, iliyotungwa Kodak katika miaka ya 1920. Lita moja yake ina gramu 2 za metoli, gramu 100 za salfaiti ya sodiamu, gramu 5 za haidrokwinoni, na gramu 2 za boraksi. Boraksi ni alkali dhaifu, basi dawa hii hufanya kazi taratibu, huhifadhi madaraja mengi kati ya weusi na weupe. Ya tatu ni D-19. Metoli yake ni gramu 2 vilevile, na salfaiti gramu 90. Lakini haidrokwinoni yafika gramu 8, na badala ya boraksi mna gramu 52.5 za kabonati ya sodiamu, alkali yenye nguvu, pamoja na gramu 5 za bromidi ya potasiamu za kuzuia utando wa ukungu. Mwenye kuzilinganisha nambari hizi ataona tabia ya kila dawa kabla hata hajalowesha filamu: D-76 ni ya upole, D-19 ni ya ukali. Ya kwanza hukunjua kivuli, ya pili hutenga nyeupe na nyeusi kama upanga.

Ipi basi ni bora? Swali hili limezua mabishano mengi miongoni mwa wapiga picha, na naona sababu ya mabishano ni kwamba limeulizwa kabla ya wakati wake. Dawa haichaguliwi kwanza. Huchaguliwa mwisho, baada ya kusudi, kichujio, taa na kiasi cha mwanga. Historia yenyewe yatupa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni mandhari ya karibu, kama miti ya Wood. Hapo majani yarudisha mwanga mwingi, mbingu na vivuli havina karibu chochote. Tofauti ni kubwa mno tangu mwanzo. Mwenye kuitia picha ya namna hiyo katika dawa kali atapata chokaa na mkaa, na kati yake hapana kitu. Huyo yampasa aipe filamu mwanga wa kutosha vivuli vyake, kisha aisafishe kwa upole, kwa D-76 au hata kwa D-76 iliyopunguzwa nguvu kwa maji. Lakini asizidishe mwanga bila kipimo. Kwani HIE haikuwa na tabaka la nyuma la kuzuia mwanga usirudi, na kila mwanga mkali ulienea kandokando ya kitu kama mvuke. Wako waliouona mng'ao huo kuwa kasoro, na wako walioupenda wakautafuta kwa makusudi.

Mfano wa pili ni mandhari ya mbali. Mwaka 1930 Albert Stevens, mwanajeshi wa Marekani, alipiga picha kutoka ndege iliyokuwa juu ya nchi ya Ajentina akielekea milima ya Andes, na katika picha hiyo kivimbe cha dunia kilionekana. Mwaka 1935 alipanda tena kwa puto liitwalo Explorer II, mpaka mita 22,066 juu ya ardhi. Vumbi jembamba na hewa yenyewe hutawanya buluu kuliko nyekundu, na nyekundu kuliko infraredi. Hivyo picha ya infraredi hupenya utusitusi wa mbali. Lakini hata ikiisha kupenya, milima ya mbali hutofautiana kidogo tu na mbingu iliyo nyuma yake. Hapo dawa ya upole ni adui. Inayofaa ni ile ya ukali, itakayoichukua tofauti ndogo na kuikuza.

Mfano wa tatu watuhusu sisi wasomaji zaidi ya yote. Mwaka 1932 Lodewyk Bendikson, wa Maktaba ya Huntington huko California, alieleza jinsi alivyosoma kurasa za kitabu cha zamani ambazo mkaguzi wa karne zilizopita alizipaka wino ili zisisomwe. Infraredi iliupenya wino wa mkaguzi, lakini ilimezwa na wino wa chapa uliotengenezwa kwa masizi. Maneno yaliyokatazwa yakarudi. Miaka ya 1950 ilipofika, katika jumba la makumbusho la Palestina mjini Yerusalemu, mpiga picha Najib Albina, Mpalestina, alipewa kazi kubwa kuliko hiyo. Magombo ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana katika mapango ya Qumran karibu na mwaka 1947, yalikuwa maelfu ya vipande vya ngozi vilivyokuwa vyeusi kwa ukale. Wino mweusi juu ya ngozi nyeusi! Jicho halikuweza kutenga kimoja na kingine. Lakini wino ulikuwa wa masizi, na masizi humeza infraredi, ilhali ngozi iliyoungua kwa miaka huirudisha. Albina alipiga vipande hivyo kwa infraredi, picha zaidi ya elfu moja, na herufi zikaonekana. Wanachuoni wengi waliosoma magombo hayo waliyasoma katika picha zake, na vipande ambavyo baadaye vilizidi kuwa vyeusi au kumong'onyoka, shahidi wao mwema ni picha hizo.

Katika kazi ya namna hii kosa la daraja moja la mwanga si jambo la uzuri wa picha. Mwanga ukizidi, ukingo wa herufi huliwa na weupe wa ngozi. Ukipungua, doa la ngozi laweza kuonekana kama nukta ya wino. Na nukta moja, kama ajuavyo kila aliyesoma maandishi ya Kiarabu au ya Kiebrania, yaweza kubadilisha neno, na neno likabadilisha maana ya sentensi nzima. Hapo ndipo kazi ya fundi na kazi ya mwanachuoni hukutana, wala haiwezekani kuzitenga.

Aidha, mwanga huo huo uliofichua umetumiwa pia kuficha. Katika Vita vya Pili vya Dunia majeshi yalipaka mizinga na magari rangi ya kijani ili yafanane na misitu. Machoni yalifanana, katika filamu ya infraredi majani yalikuwa meupe na rangi ya dukani ilikuwa nyeusi, hila ikajulikana. Ndipo zikatengenezwa rangi zinazorudisha infraredi kama majani, na mchezo ukaanza upya. Watengenezaji wa sinema nao waliona kwamba mbingu nyeusi ya infraredi yaweza kumfanya mtazamaji adhani mchana ni usiku. Hivyo ndivyo zilivyopigwa baadhi ya sehemu za angani za filamu The Bride Came C.O.D. ya mwaka 1941. Filamu ile ile, jua lile lile: mmoja alifichua neno lililozikwa, mwingine alibuni usiku usiokuwako.

Kutokana na hayo napata rai ambayo ningependa wanafunzi wa historia waizingatie. Picha ya kawaida tumezoea kuikosoa kwa macho yetu. Tukiona uso mweusi kupita kiasi twasema kosa ni la mpiga picha, kwa sababu twajua nyuso zilivyo. Picha ya infraredi haina mkosoaji wa namna hiyo. Hapana mtu aliyewahi kuiona mandhari ile kwa mwanga ule, basi hapana awezaye kusema, Sivyo ilivyokuwa. Mti mweupe waweza kuwa wenye theluji, waweza kuwa wenye majani mabichi. Mbingu nyeusi yaweza kuwa ya dhoruba, ya usiku, au ya adhuhuri iliyo safi. Kivuli kitupu chaweza kuwa shimo, au mahali ambapo mwanga haukutosha tu. Kitakachotuambia tofauti si picha. Ni maandishi yaliyoandamana nayo: filamu gani, kichujio gani, saa ngapi, tundu na muda gani, dawa gani, kwa dakika ngapi na joto gani. Picha ya infraredi isiyo na maandishi hayo ni kama ushahidi wa mtu asiyejulikana alisimama wapi alipoona.

Yuko atakayesema kwamba ninawatwisha wapiga picha mzigo wa makarani, na kwamba msanii hana haja ya daftari. Nakubali kwamba msanii ana uhuru wake. Sergei Urusevsky alipoipiga sinema ya I Am Cuba, iliyotoka mwaka 1964, alitumia filamu ya infraredi, na minazi na miwa ikang'aa nyeupe. Hakuna aliyemdai hesabu, kwani alikuwa akitunga, wala hakuwa akitoa ushahidi. Lakini hata msanii, akitaka kuurudia mng'ao ule alioupata jana, atarudi mahali gani kama hakuandika? Jicho lake halitamkumbusha, kwa kuwa jicho lake halikuwapo.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi katika karne hii. Mwaka 2007 Kodak ilitangaza mwisho wa HIE. Mwaka 2012 kiwanda cha Fotokemika huko Samobor, Kroatia, kilichotengeneza filamu ya Efke IR 820, kilifungwa. Filamu zilizosalia baada yao hazikufika mbali kama zile. Ilford SFX 200 ilifika nanometa 740 tu. Hesabu ni nyepesi: mtu avaapo kichujio kinachoanza kupitisha mwanga karibu na nanometa 720, HIE iliyofika 900 ilimwachia dirisha la nanometa 180, SFX yamwachia 20. Anayechukua kiasi cha mwanga kilichoandikwa kwa ajili ya filamu ile na kukitumia kwa hii atatoa filamu tupu katika dawa yake, na huenda akailaumu dawa. Lakini mwenye daftari lililoandika si nambari tu bali na sababu zake, ataweza kuvuka kutoka filamu moja hadi nyingine, kama nahodha ajuaye sababu za mikondo awezavyo kuingia bandari asiyoizoea.

Wafanyabiashara wetu wa kale walikuwa na methali yao: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya vitambaa na karafuu, lakini maneno yao yaenea mpaka hapa. Maarifa ya mwanga usioonekana yalipatikana kwa taabu tangu meza ya Herschel mpaka chumba cha giza cha Albina, na kila hatua iliyodumu ilidumu kwa sababu mtu fulani aliandika alichofanya. Zilizoandikwa zaweza kusomwa na kusahihishwa. Zisizoandikwa zimebaki kuwa picha za kupendeza tu, nasi hatuna njia ya kuziuliza zaidi.